Jiji lidhibiti vipi maduka ya bangi? Nimekaa Denver, sasa niko Portland ya Maine, nina langu la kusema

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu si wa kumshawishi mtu avute. Na anayetaka kubishana kama bangi ni dhambi au ni dawa, nyuzi za hivyo zimejaa humu, akafufue mojawapo. Mimi nataka tuongelee sheria za jiji. Jimbo limesharuhusu, maduka yanakuja upende usipende. Sasa diwani wako afanye nini?

Kwa walio nyumbani: kwa serikali kuu ya Marekani bangi bado iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, ila majimbo mengi yameiruhusu kwa watu wa miaka 21 na kuendelea. Jimbo linapanga mambo makubwa: umri, vipimo vya maabara, kodi. Yale yanayomgusa mtu mlangoni kwake, kwamba duka likae mtaa gani, lifunge saa ngapi, harufu iende wapi, hayo kwa kiasi kikubwa yanaangukia jiji.

Nilifika Denver, jimbo la Colorado, 2013. Maduka yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014, baada ya kura ya Novemba 2012. Tulipanga upande wa Elyria-Swansea kwa sababu ndiko mfuko wetu ulikotufikisha. Jiji lilielekeza mashamba ya bangi ya ndani ya majengo yakae kwenye maeneo ya viwanda. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni busara. Lakini maeneo ya viwanda ya Denver yamekumbatiana na nyumba za watu wa kipato cha chini. Nani anapanga nyumba pembeni ya reli na maghala kama ana uwezo wa kukaa kwingine? Maghala yakajaa mimea, na jioni upepo ukigeuka unadhani kicheche kafia chini ya gari lako. Siku moja mwalimu wa mwanangu akaniita pembeni, kwa adabu kabisa, kuniuliza kama nyumbani kuna anayevuta. Koti la mtoto lilikuwa linanuka. Mimi hata sigara sijui.

Jiji lilikuja kuwalazimisha wakulima hao wawe na mpango wa kudhibiti harufu mwaka 2016, kwa vichujio vya mkaa na kadhalika. Miaka miwili baada ya maduka kufunguliwa! Kichujio si teknolojia ya mwezini, kilikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekiandika kwenye leseni, basi.

Sasa Portland. Maine ilipiga kura 2016, ikapita kwa kura chache sana, maduka yakaanza kuuza Oktoba 2020. Huku mji usiposema "ndiyo" hakuna duka, na miji mingi midogo imenyamaza tu. Portland, mji wa watu kama 68,000, ilisema ndiyo, halafu ikaweka kikomo cha maduka 20 na mfumo wa pointi: mwenye pointi nyingi ndiye apewe leseni. Kulikuwa na pointi za ziada kwa wakazi wa muda mrefu wa Maine. Nia njema, wenyeji wasimezwe. Kampuni moja yenye fedha za kutoka nje ya jimbo ikaenda mahakama ya shirikisho, na Agosti 2020 jaji akazuia pointi hizo za ukazi zisitumike. Novemba wananchi wakapiga kura kufuta kile kikomo cha 20, na umbali kati ya duka na duka ukashushwa kutoka futi 250 hadi 100, yaani kutoka mita 76 hadi 30. Leo maduka yamezidi 20 na bei imeporomoka.

Msimamo wangu: nafurahi kikomo kilikufa. Ukisema leseni ni 20 tu, umegeuza karatasi kuwa kiwanja cha Kariakoo. Atakayeipata hatauza bangi, atauza leseni. Jiji lishughulike na harufu, umbali na shule, madirisha, saa za kufunga, na leseni iwe ya mwaka mmoja tu, ukilalamikiwa sana huongezewi. Idadi soko litaipanga lenyewe.

Na pesa. Denver ina kodi yake ya jiji kwenye bangi, na mwaka 2018 waliongeza asilimia 2 kwa ajili ya makazi nafuu. Maine kodi ya mauzo inakwenda jimboni. Jiji linabaki na ada za leseni na simu za malalamiko.

Karibuni, ila tupingane kwa hoja.

Bibi Kizaazaa

Nimeweka kambi. Mwenye karanga alete.

Kijana wa Likoni

Mkuu umegusa kidonda. Huku Mombasa sisi tuliona mfano wetu, si wa bangi bali wa muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 gavana alitoa amri muguka isiingie wala kuuzwa kaunti nzima, Kilifi na Taita Taveta nao wakafuata. Akina mama huku walishangilia, wacha nikwambie, kwa sababu vijana wamekwisha. Siku chache baadaye rais akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, na mahakama kule Embu ikazisimamisha. Wakulima wa Embu wana watoto wa kusomesha, wa Mombasa wana watoto wa kuokoa, kila mtu na lake.

Kilichoniuma si kwamba marufuku ilishindwa. Hakuna aliyekuja na mpango wa pili. Kibanda cha muguka kiko pale pale kwenye lango la shule, kama jana. Tungeanza na kile kibanda pengine tungeshinda.

Mama Furaha

Kaka Mwana wa Ujiji, jambo. Mi ni mama wa Bukavu, niko hapa Portland tangu 2019, tulianzia ku Expo, ile uwanja ya ndani balitupokelea, na batoto bane. Musicheke Kiswahili yangu.

Unasema maduka izidi tu, soko itapanga. Weye unapita na gari. Mi napita na miguu. Mbele ya kufika ku bus tunapita maduka tatu, njia moya. Mutoto wangu wa myaka sita alijua kusoma alama ya ile jani mbele ajue kusoma jina yake. Sisemi bafunge. Nasema bahesabu. Baende bahesabu na ku mitaa ya batajiri, baone iko ngapi.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Mama yangu, shikamoo. Hapo umenibana. Sina jibu la haraka, nitarudi.

Mpima Viwanja

Nami nitupie. Nimesomea mipango miji Nairobi, nipo New York mwaka wa 11.

Watu wakisikia "umbali kutoka shuleni" wanadhani jambo limeisha. Kenya tunayo sheria ya vileo ya 2010, ile ya mbunge Mututho: baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Maine kanuni ya kawaida ni futi 1,000, ambayo ni mita 305, na mji unaruhusiwa kushuka hadi futi 500. Ona walivyokutana, Nairobi na Maine, bila kuandikiana barua. Sasa nendeni Nairobi na utepe mkapime. Baa nyingine mwalimu akikohoa darasani wanamsikia kaunta.

Shida ya kwanza ni kwamba sheria haisemi unapima kutoka wapi hadi wapi, au inasema na hakuna anayesoma. New York iliruhusu 2021. Sheria hiyo ilitaka duka liwe futi 500 kutoka kwenye eneo la shule na futi 200 kutoka nyumba ya ibada. Ofisi ya jimbo inayotoa leseni ikawa inapima mlango wa duka hadi mlango wa shule. Miaka ikapita, watu wakapewa leseni, wakakopa, wakapanga fremu, wakafunga kamera, wakaajiri. Julai 2025 ofisi ile ile ikawaandikia kwamba samahani, tumekosea, tulipaswa kupima hadi kwenye mpaka wa kiwanja cha shule. Maduka kama 150 yakaguswa, zaidi ya 100 yakiwa tayari na leseni. Fikiria umeweka nyumba ya mama rehani halafu unaambiwa utepe ulishikwa vibaya. Wengine wakakimbilia mahakamani, na mimi siwalaumu.

Kwa hiyo diwani akiniuliza, nitamwambia achore ramani kwanza. Jiji lina ramani za viwanja vyote, liweke duara kila penye shule, lichapishe, mtu aone kabla hajalipa hata senti kwamba hapa panafaa na hapa hapafai. Hiyo ni kazi ya wiki mbili kwa kijana mmoja mwenye kompyuta.

Shida ya pili ndiyo ya Mama Furaha. Kila duara unalochora linafuta ardhi. Katikati ya mji shule ziko kila kona, na mitaa ya makazi pekee imeshakatazwa tangu awali. Kinachobaki ni vipande vya barabara za biashara na viwanda, na vipande hivyo ndivyo palipo na nyumba za kodi nafuu. Hakuna diwani aliyekaa akasema "tuwarundikie maskini". Duara zenyewe ndizo zimewasukuma huko. Dawa yake ni umbali kati ya duka na duka, na hapo Portland, mkuu, mlishusha hadi mita 30. Mita 30 ni nini? Ni fremu nne. Nafuta kikomo cha idadi pamoja nawe, lakini hiyo mita 30 sikubaliani nayo hata kidogo.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Nakubali kosa. Nilishangilia kufutwa kwa 20 nikameza na ile 30 bila kutafuna. Mama Furaha, jibu lako limeletwa na mwenye fani yake.

Ila Mpima, New York msijisifu. Mlichelewesha leseni, mtaa ukajifungulia wenyewe.

Mpima Viwanja

Hilo halina ubishi. Duka la kwanza halali lilifunguliwa mwishoni kabisa mwa Desemba 2022, na kufikia hapo jiji lilikuwa limejaa maduka yasiyo na leseni. Taa za rangi, chipsi, chaja za simu na bangi, vyote kaunta moja, na kitambulisho hakuna anayekuuliza. Mwaka 2024 ndipo jiji likapewa nguvu za kufunga makufuli, likafunga zaidi ya 1,000. Tunaobana leseni tujue mlango huo hauzibiki, unahamia uchochoroni.

Omosh wa Minnesota

Ngoja niwaletee ya huku Minneapolis, sisi Wakenya tuko wengi hapa.

Minnesota ilipitisha 2023. Jiji haliruhusiwi kukataza kabisa, lakini linaweza kusema duka moja kwa kila wakazi 12,500. Shule linaweza kuweka hadi futi 1,000, chekechea hadi 500. Kikomo kinafuata idadi ya watu, si namba iliyotoka kichwani mwa mtu. Hiyo mimi naipenda. Ubaya ni kasi. Leseni zenye kikomo zikaenda kwa bahati nasibu ya Juni 2025, na maduka yenye leseni ya jimbo yakaanza kuuza Septemba mwaka huo. Lakini makabila ya wenyeji asilia ya Red Lake na White Earth yana mamlaka yao, Red Lake walifungua Agosti 2023 siku ile ile sheria ilipoanza. Watu wanaendesha masaa kufuata huko.

Kitu kingine mtakipenda: miji midogo huku ina desturi ya zamani ya kumiliki duka la pombe. Duka ni la mji, faida inatengeneza barabara na kununua gari la zimamoto. Sheria mpya imeruhusu hivyo hivyo kwa bangi, na mji wa Anoka ukaamua kujenga lake.

Kobe Mzee

Duka la halmashauri! Kwetu lingeuza kwa mkopo kwa madiwani mpaka lifilisike.

Bibi Kizaazaa

@Kobe Mzee 😂😂 na mhasibu angesema mzigo umeliwa na panya.

Kobe Mzee

Nikiacha utani. Mleta mada kasema leseni chache zinageuka viwanja. Niko Oakland, ongezeni hili. Mwaka 2017 jiji hili lilianzisha mpango wa leseni za usawa, wa kwanza Marekani. Nusu ya leseni zilitengwa kwa watu wa Oakland wa kipato cha chini waliowahi kuhukumiwa hapa kwa bangi, au waliokaa miaka mingi kwenye mitaa iliyosakwa na polisi kupita mingine. Haki kabisa. Waliofungwa kwa gramu mbili waangalie wengine wakitajirika?

Kilichofuata mnakijua hata kabla sijasema. Leseni bila mtaji ni karatasi. Benki hazikopeshi kwa hofu ya serikali kuu, kodi ya fremu ni ya kutisha. Akatokea tajiri, akasema "wewe weka jina, mimi naweka pesa". Jina la kijana mbele, mkataba wenye kurasa 40 nyuma, na baada ya mwaka kijana hana hisa wala ufunguo. Kwetu tunaita kampuni ya mfukoni, hawa wamevaa suti tu. Jiji linalotaka kusaidia litoe leseni pamoja na mtaji, jengo na mwanasheria wa kusoma mkataba, ama liache kumdanganya mtu.

Dogo wa Boksi

Wakubwa, mnaongea madini ila mimi nina swali la tumbo. Niko Portland, grini kadi mwaka wa nne. Kuna duka wanatafuta mtu wa kufungasha na kupanga mzigo, malipo mazuri kuliko ghalani ninakobeba boksi. Halali kwa jimbo, wana leseni ya jiji ukutani, kodi wanalipa. Niende?

Shangazi wa Karatasi

Mwanangu, USIENDE. Soma hapa kabla hujajibu hiyo simu.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za mawakili wa uhamiaji, mimi si wakili, na wewe utafute wakili. Lakini hili nalijua kama jina langu. Uraia na uhamiaji ni mambo ya serikali kuu, na serikali kuu haijali leseni ya jiji iliyoko ukutani. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo ulio wazi: kujihusisha na bangi, hata kama jimbo limeruhusu, kunaweza kukunyima uraia kwa kigezo cha mwenendo mwema. Na kujihusisha si kuvuta tu. Kufanya kazi kwenye biashara hiyo kumo. Wewe mwaka wa nne, mwakani unajaza fomu ya uraia. Utaulizwa kazi zako zote za miaka mitano. Utaandika nini? Ukisema kweli, umejikamata. Ukidanganya, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Na kuna jambo baya zaidi ya kunyimwa uraia. Asiye raia akikiri kwa ofisa, iwe uwanja wa ndege au mpakani akirudi kutoka Canada, anaweza kukataliwa kuingia. Hakuna hukumu, hakuna mahakama, maneno ya mdomo wake tu. Watu wetu ni wakweli kupita kiasi wakiulizwa kwa upole. "Umewahi kutumia?" "Ndiyo, mara moja, si imeruhusiwa?" Basi.

Nyote mnaojadili futi na mita, mbona hakuna aliyesema hili? Mji huu una maelfu ya watu kutoka Kongo, Angola, Rwanda, Burundi, Somalia. Duka liko chini ya ghorofa yao, tangazo la kazi limebandikwa dirishani. Mzaliwa wa hapa akiingia anapata mshahara. Mgeni akiingia mlango huo huo anahatarisha familia nzima. Na hakuna karatasi yoyote pale inayomwambia.

Dogo wa Boksi

Shangazi shikamoo. Mikono imeanza kutetemeka. Nilikuwa niende kesho saa 4.

Shangazi wa Karatasi

Marahaba. Wapigie uwaambie umepata udhuru. Na usiwaandikie maelezo marefu.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Nimekaa hapa dakika kumi nimeshika simu. Nimeandika uzi mzima wa sheria za jiji na hili sikuliweka, kwa sababu mimi nilishaapa uraia na nimesahau ilivyokuwa.

Sasa nauliza, jiji linaweza kulazimisha tangazo? Leseni inatolewa na jiji kila mwaka, masharti yake ni ya jiji. Kama linaweza kudai kichujio na kamera, kwa nini lisidai karatasi mlangoni na kwenye kila tangazo la kazi: kwamba kwa sheria za serikali kuu, asiye raia akifanya kazi hapa au akinunua anaweza kuharibu makaratasi yake? Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, Kireno, Kisomali, Kiarabu.

Mpima Viwanja

Linaweza kujaribu. Wenye maduka watapinga kidogo kwa sababu watapoteza wateja, lakini maonyo kwa wajawazito na madereva wanayabandika tayari. Liwe fupi, herufi kubwa, na liwe sharti la leseni, siyo ombi. Ombi halimtoi mtu jasho.

Kijana wa Likoni

Andikeni pia "hata pipi zake". Vijana hawajui kwamba peremende ni bangi. Huko mnaziuza kama jojo.

Mwana wa Ujiji (mleta uzi)

Kweli. Colorado walipiga marufuku pipi za umbo la wanyama, matunda na watu mwaka 2017, na kila kipande kisizidi miligramu 10 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Lakini rangi ni zile zile za kuvutia, mgeni asiyesoma Kiingereza anaona lawalawa tu. Nitaongeza.

Baraza la jiji linapokea maoni ya wananchi, unapewa dakika chache mbele ya kipaza sauti. Nitaandika rasimu wiki hii. Mama Furaha, utakuja tuongee wote? Hadithi yako ya mtoto na ile alama ina uzito kuliko takwimu zangu.

Mama Furaha

Nitakuya. Lakini ile tangazo musiandike Kiswahili ya Dar es Salaam peke. Bamama ba kwetu batasoma "makaratasi yake yanaweza kuharibika" batafikiri ni mvua. Muandike wazi: "Kama hauna uraia, usitumike hapa. Banaweza kukurudisha."

Shangazi wa Karatasi

Huyu mama aandike yeye. Sisi wengine tusahihishe nukta tu.

Dogo wa Boksi

Nimeshawapigia. Nimesema mgongo unauma. Narudi kwenye maboksi yangu, na huko nako mgongo unauma kweli.